Mafiga Aliyoyang'oa Esteria

Esteria alipoolewa na Mashimba, hakupata nafasi ya kuzoea kuwa mke kabla ya kuwa mama. Mama mkwe wake alifariki katikati ya palizi, na mtoto wa mwisho wa nyumba ile, Ndalahwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni, akahamishiwa kwake pamoja na mkeka na mbuzi wake mmoja. Esteria alimwogesha, akamkata kucha, akamfundisha kuwasalimu wakubwa "mwangaluka" kila asubuhi kabla ya kugusa chakula. Alipokuja kumzaa Elizabeth, mtoto wake wa pekee, mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea kulea. Elizabeth alikua, akaolewa Mwanhuzi. Ndalahwa alikua, akabaki. Kiukoo alikuwa shemeji. Kwa kinywa chake mwenyewe alimwita Esteria "mayu", yaani mama, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara, katika kitongoji kimoja cha Nkoma ambako pamba huanzia nyuma ya choo na kuishia macho yanapochoka. Mashimba aliijenga msimu mmoja ambao pamba ilikubali: bati, sakafu ya saruji, vyumba vitatu, na jiko la nje lililoezekwa nyasi, kwa sababu Esteria alisema moshi na bati havipatani. Katika jiko lile alipanga mafiga yake matatu, mawe meusi aliyoyachagua mwenyewe mlimani na kuyabeba kichwani, moja baada ya jingine, akiwa mja mzito.

Miaka michache baadaye kampuni ya minara ya simu ilifika kutafuta mahali pa juu. Kiwanja cha Mashimba kilikuwa na kichuguu kikubwa kilichosawazishwa; wakakipenda. Ukoo ulikaa, ukakubali, na mnara ukasimama nyuma ya nyumba ukiwa umezungushiwa uzio wa nyaya, na kibao cha njano langoni. Kibao hicho kilichorwa mlingoti unaotoa mawimbi, na mtu aliyepigwa mstari mwekundu. Jenereta ilinguruma kila umeme ulipokatika. Ndalahwa aliajiriwa kuwa mlinzi. Alipelekwa Bariadi kwenye semina, akarudi na fulana yenye mistari inayong'aa na namna mpya ya kutembea.

Mwaka uliofuata Mashimba alianguka akiwa anafunga ng'ombe. Hospitalini Bariadi walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Alizikwa nyumbani, upande wa pili wa zizi.

Mjane alibaki katika nyumba yake. Kwa desturi ya ukoo ule hakuna anayemwondoa mjane, na hakuna aliyefikiri kumwondoa. Alilima pamba yake, alikausha michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba, na jioni alipika chakula cha watu wawili, kwa kuwa Ndalahwa alikula kwake kabla ya kuingia zamu.

Maneno yalianza kwenye chakula hicho.

"Mayu, kichwa bado kinakuuma?" Ndalahwa aliuliza siku moja, huku akilichovya tonge la ugali kwenye mlenda.

"Kinauma na kuacha. Ile jenereta yenu haina adabu."

"Siyo jenereta." Akatafuna, akameza, akatazama mnarani. "Ni mionzi."

"Mionzi ya nini?"

"Ya mtandao. Semina walitufundisha. Pale langoni, kibao kile unakionaje? Yule mtu aliyepigwa mstari ni nani? Ni mtu kama wewe."

Esteria alicheka. "Mbona hajavaa kitenge?"

Ndalahwa hakucheka. Esteria alimfahamu tangu akiwa mtoto anayecheka hata anapochapwa, na kutocheka kwake kulimgusa kuliko maneno.

Tangu siku hiyo maneno yakawa yanatua moja moja, bila haraka, kama mtu anayepanda mbegu kwenye matuta. Kuku akitamia mayai yasianguliwe, Ndalahwa aliyashika mayai yale, akayatikisa sikioni, akasema, "Mionzi." Mpapai ukikauka upande mmoja, alisimama chini yake akatikisa kichwa. Kisha, jioni moja walipokuwa wakipukuchua mahindi, alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Kaka yangu alikuwa na nguvu za fahali. Alikufa na nini?"

"Presha. Daktari alisema."

"Presha aliipata wapi? Kitanda chake kilikuwa ukuta upi?"

Kitanda kilikuwa ukuta wa nyuma, unaotazamana na mnara. Kilikuwa ndicho kitanda alicholalia Esteria hadi siku hiyo. Aliendelea kupukuchua, lakini punje zilimtoka mkononi zikaangukia nje ya ungo.

"Na wewe je?" aliuliza hatimaye. "Unashinda pale langoni."

"Sisi tulipewa kinga."

"Kinga gani? Mmechanjwa?"

"Fulana hii, mayu. Si nguo ya kawaida hii."

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima ieleweke namna watu wa ukoo ule wanavyohama. Ardhi ikionekana imekuwa mbaya, wagonjwa wakiwa wengi au mifugo ikiisha, mwenye nyumba hasukumwi wala hapewi hati ya kuhama. Mwanamke mwenye jiko huinama mwenyewe, huyang'oa mafiga yake kwa mikono yake, huyabeba na kwenda kuyapanga penginepo. Kuanzia saa ile nyumba aliyoiacha si yake tena. Ni sawa na shimo la mti uliong'olewa. Atakayeingia baadaye ameingia mahali pasipo na mtu, na hakuna wa kumdai. Kinyume chake, mafiga yakiwa yamesimama, mwanamke anaweza kukaa Mwanza miaka kumi na nyumba ikaendelea kuitwa yake. Kwa hiyo mtu anayetaka nyumba ya mjane katika ukoo ule hana haja ya kugombana naye. Anahitaji tu mjane ainame.

Esteria aliinama mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa ameamka na kizunguzungu, na Ndalahwa alikuwa amekaa kizingitini tangu alfajiri, macho mekundu, akisema hawezi kuzika watu wawili wa nyumba moja. Alisema angempeleka kwenye kibanda cha shambani, ng'ambo ya bonde, mahali ambapo mionzi haifiki. Angekikandika upya, angemchimbia choo. Kweli alikikandika na choo akachimba. Alibeba hata godoro. Mawe hakuyagusa. Alisimama kando ya jiko, ameiweka mikono mgongoni, akamwacha Esteria ayang'oe mwenyewe, na Esteria aliona huo kuwa ni upole wa mtoto anayeheshimu jiko la mama yake.

Kibanda kilikuwa chini bondeni. Usiku taa nyekundu ya mnara ilionekana kama jicho, ikafifia nyuma ya ukungu. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ili azungumze na Elizabeth ilimbidi Esteria apande juu ya kichuguu kilichokuwa kando ya kibanda, aibane simu sikioni kwa nguvu, na simu ilipata moto hadi shavu likatoka jasho. Akimaliza, aliirudisha kifuani ndani ya blauzi, kama wafanyavyo wanawake wengi ambao mikono yao haina nafasi. Kichwa hakikuacha kumuuma. Alijifariji kuwa mionzi ya miaka mingi haitoki kwa siku moja.

Kabla pamba haijachambuliwa yote, Ndalahwa alioa. Mkewe aliitwa Jenifer, msichana wa Lagangabilili mwenye tumbo lililokwisha kuonekana. Hawakukaa kwenye chumba cha mlinzi. Waliingia nyumba ya bati. Jenifer alipojifungua, kitanda cha mtoto kiliwekwa ukuta wa nyuma, na mbele ya nyumba, upande wa barabara, Ndalahwa alifungua dirisha la kuchajia simu, kwa kuwa umeme uliovutwa hadi mnarani ulipita hapohapo.

Esteria alizisikia habari hizo kisimani. Mwandu, dada mkubwa wa marehemu Mashimba, ndiye aliyezileta.

"Mtoto analala kule nyuma?" Esteria aliuliza.

"Analala, ananenepa kama ndama wa ng'ombe wa maziwa."

"Labda wamemshonea fulana."

Mwandu hakuelewa. Esteria alijitwika ndoo, akaondoka. Njia nzima alimtetea Ndalahwa moyoni: huenda mkewe mgeni amekaidi, huenda kampuni imebadilisha mitambo, huenda wamepata dawa. Alikuwa amemlea. Mtu hujitahidi sana kabla ya kukubali kwamba mkono aliouosha ndio uliomsukuma.

Mwishoni mwa mwaka mke wa Mhoja, jirani wa karibu na barabara, aliharibikiwa mimba, na kitongoji kizima kikaunyoshea kidole mnara. Maneno ya Ndalahwa yalikuwa yamekwisha kusambaa yenyewe. Vijana walitishia kukata nyaya. Ofisi ya kata ikaomba wataalamu waje kupima mbele ya watu, na kampuni ikamtuma fundi wake awafungulie lango. Alikuwa dada mmoja mwembamba kutoka Bariadi aliyeitwa Precious, mwenye kofia ngumu na maneno machache.

Watu walijaa kama mnadani. Kipimo kilikuwa kichwa cheusi kama yai juu ya mguu mmoja, kinachoshikwa kwa mkono.

"Dada, hicho kidude kinapima na wachawi?" mzee mmoja aliuliza.

"Wachawi hawatumii mtandao huu, babu."

"Basi hujafika kwetu," yule mzee akajibu, na watu wakacheka, hata mke wa Mhoja aliyesimama pembeni amejitanda khanga.

Walipima langoni. Walipima dirishani kwa Ndalahwa, ambaye hakuwapo. Aliaga mapema kwamba anafuata betri Bariadi. Walipima chumba cha nyuma, Jenifer akiwa amembeba mtoto mlangoni. Kila mahali mtaalamu alisoma tarakimu kwa sauti, na Precious akaitafsiri kwa lugha ya watu: sehemu ndogo sana ya kiwango kinachoruhusiwa, mithili ya chumvi ya kidole katika pipa la maji. Alieleza kwamba mawimbi ya redio si kama eksirei; hayavunji mwili ndani kwa ndani. Yakiwa makali mno hupasha joto, na ndiyo sababu yamewekewa kikomo. Makali hayo yako juu kabisa, mbele ya zile antena, ambazo hutupa mawimbi kwa mbali badala ya kuyamwaga chini miguuni mwa mnara. Kibao cha njano kinamkataza mtu kupanda. Yeye mwenyewe hapandi hadi mitambo izimwe.

Akamgeukia mke wa Mhoja na kumwambia kwa upole kwamba yeye si daktari, na kwamba mimba huharibika kwa sababu nyingi. Aende hospitali achunguzwe, asiuachie mnara kazi ya kumjibu.

Esteria aliomba wapime na kibandani kwake. Alitembea mbele yao hadi ng'ambo ya bonde. Kipimo kilisoma kidogo zaidi. Kisha Elizabeth akapiga simu, kwa bahati tu, na Esteria akaibana sikioni kama kawaida yake. Mtaalamu akasogeza kile kichwa cheusi karibu na shavu lake, na tarakimu zikapanda mbele ya macho ya wote.

"Mama, umeona?" Precious alisema. "Simu ikiwa mbali na mnara hupiga kelele ili isikike. Bado haijafika mahali pa kukudhuru. Lakini kama unataka mawimbi kidogo, weka spika, ishike mbali na kichwa, ongea kwa kifupi. Na hapo kifuani pia si lazima, itafutie mfuko."

"Kwa hiyo hapa nilipokimbilia ninapata mengi kuliko kule nilikotoka?"

"Kutoka kwenye simu yako, ndiyo. Ulikimbia nini, mama?"

Esteria alimweleza kwa kifupi, bila kulalamika. Precious alivua kofia yake polepole.

"Lakini mlinzi wenu anajua," alisema. "Ndalahwa, siyo? Ile semina nilifundisha mimi. Nakumbuka kwa sababu wengine waliuliza posho, yeye akauliza swali la maana. Aliuliza, nyumba iliyo nyuma ya uzio, mtu anaweza kulala humo miaka yote? Nikamwambia hata mtoto mchanga alale. Akauliza mara ya pili, ili awe na hakika."

Esteria alisema ahsante. Aliwakaribisha michembe, wakala, wakaondoka. Alipobaki peke yake hakulia. Alichukua jembe akaenda kulima sehemu ambayo ilikuwa imekwisha kulimwa.

Ukoo ulikaa Jumapili baada ya ibada, chini ya paa la ghala la Joakim, mkubwa wa ukoo. Ndalahwa alifika na fulana yake. Jenifer alikaa nyuma na mtoto. Mwandu alikuja na kigoda chake mwenyewe, kwa kuwa hakuviamini viti vya watu.

"Semeni," Joakim alisema.

Esteria alimtazama Ndalahwa tu. "Sina mengi. Kule semina uliuliza au hukuuliza?"

"Mayu, mambo ya semina ni mengi..."

"Uliuliza kama mtu anaweza kulala nyumbani mwangu?"

Jenifer alimwinamia mtoto.

"Niliuliza," Ndalahwa alisema.

"Ukajibiwa nini?"

"Kwamba hakuna madhara."

"Na kaka yako? Kile kitanda?"

Hapo Ndalahwa aliangalia chini kwa mara ya kwanza. "Nilihitaji mahali pa kuanzia maisha, mayu. Wewe ni mtu mmoja. Vyumba vitatu. Ningekuambia tu uondoke, ungeondoka?"

"Ungeniomba chumba ningekupa viwili. Jiko lile ulilelewa humo." Sauti yake haikupanda. "Ulinifanya nimwogope marehemu mume wangu kitandani. Nililala nikijiuliza kama ni mimi ninayefuata."

"Amekosa," Mwandu alisema. "Atoe ng'ombe, aombe radhi. Lakini mafiga, mke wa kaka, nani aliyang'oa?"

"Mimi."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu, kwa sababu ya maneno yake."

"Maneno hayang'oi jiwe. Tukianza kuuliza kila aliyehama alihama kwa sababu gani, Nkoma nzima itarudi ilikotoka."

Wazee walivutana hadi jua likapenya chini ya paa likawafikia miguuni. Wawili walisema udanganyifu unavunja desturi. Wengine, waliokuwa wengi, walisema desturi ikivunjwa leo kwa mjane mmoja, kesho itavunjwa kwa kila mtu. Joakim alihitimisha kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza: Ndalahwa atoe ng'ombe jike na ndama, aombe radhi, Esteria akipenda ajengewe chumba kiwanjani, mradi Ndalahwa aridhie, na shauri hili lisitoke nje ya ukoo.

Ndalahwa alipiga magoti. "Nisamehe, mayu. Nimeridhia. Rudi hata kesho, Jenifer akupikie."

Alikuwa akimkaribisha. Esteria alilisikia neno hilo lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho: akaribishwe alikojifungulia, ale kwenye jiko la mtu mwingine, na aliyemdanganya ndiye aseme ndiyo. Alijifunga vizuri kitenge chake.

"Ng'ombe simtaki," alisema. "Simama, unachafua suruali."

Jumatatu alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya kata, kwenye baraza la ardhi. Watu waliokutana naye njiani walikwisha kusikia. Baadhi walimsalimu kwa mbali, kwa sababu mwanamke anayetoa shauri la ukoo nje hutazamwa kama aliyevuliwa nguo. Mhoja na mkewe tu ndio walioahidi kuja kusema walichokiona, na Precious alikuwa amempa namba yake ya simu bila kuombwa.

Katibu wa baraza, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimsikiliza hadi mwisho. Alimwonya kwamba shauri linaweza kuchukua muda mrefu, na kwamba huenda akashindwa, kwa kuwa wajumbe wengi wa baraza ni watu wa hapahapa na wanayajua mafiga.

"Najua," Esteria alisema. "Andika."

"Jina la unayemlalamikia?"

"Ndalahwa."

"Ni nani wako?"

Katibu alingoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Nje mtu alikuwa akipiga honi ya bodaboda bila sababu. Esteria alilitafuta jibu mahali pale pale ambapo kwa miaka yote lilikuwa likikaa lenyewe, tayari, bila kufikiriwa. Hakulikuta.

"Ni mtu anayeishi nyumbani kwangu," alisema, akasogeza kiti karibu na meza ili aone jibu hilo linavyoandikwa.